Aondokaye Akabidhi Daftari

Katika kazi yetu ya kuzunguka matawini tumeona mengi, lakini moja hatulisahau. Tulifika katika tawi moja siku tatu baada ya uchaguzi. Katibu mpya alikuwa amekaa ofisini, na mbele yake meza tupu. Daftari la wanachama halipo, vitabu vya stakabadhi havipo, muhuri haupo. Viko wapi? Viko nyumbani kwa katibu wa zamani, uvunguni mwa kitanda. Tulipomwendea alitupokea kwa chai, akatuambia bila kusita: "Wanangu, daftari hili nimeliandika kwa mkono wangu miaka minne. Hili ni langu." Tukamjibu: "Mzee wetu, mwandiko ni wako, hapana ubishi. Lakini majina ni ya wanachama, na kila senti iliyoandikwa humu imetoka mfukoni mwa mkulima." Tulikaa naye mpaka magharibi ndipo alipolitoa. Kurasa mbili zilikuwa zimechanwa.

Msomaji atauliza: tawi la shamba na mambo ya Marekani wapi na wapi? Tunamjibu kwamba ni jambo moja. Yaliyotokea katika nyumba ya mzee yule yametokea pia katika nchi inayojinadi kila siku kuwa mwalimu wa dunia katika mambo ya sheria. Tofauti ni kwamba kule daftari lilikuwa la dola nzima, na aliyeshitakiwa kwa kuondoka nalo alikuwa Rais.

MAMBO YALIVYOKWENDA

Bwana Donald Trump alitoka madarakani tarehe 20 Januari 2021. Masanduku mengi yakapelekwa Mar-a-Lago, jumba lake huko Florida, ambalo pia ni klabu ya watu wenye fedha. Idara ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ikadai karatasi za serikali. Ikaandika, ikakumbusha, ikakumbusha tena, mwaka ukaisha. Januari 2022 ikaletewa masanduku 15, na ndani yake hati 197 zenye alama za siri. Mwezi wa Mei korti ikatoa amri kwamba zote zilizosalia zirudishwe. Tarehe 3 Juni zikatolewa hati 38, na mwanasheria akatia saini kwamba msako umefanywa kwa bidii na vyote vilivyotakiwa vimetolewa. Tarehe 8 Agosti 2022 wapelelezi wa FBI wakaingia jumbani na hati ya upekuzi. Wakakuta nyingine 102.

Hesabu hii mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Jumla ni hati 337, na karibu robo tatu ya zile zilizotafutwa baada ya Januari hazikupatikana kwa hiari, zilipatikana kwa upekuzi.

Juni 2023 mashitaka yakafunguliwa, na mwezi uliofuata yakaongezwa. Makosa aliyoshitakiwa Bwana Trump yakafika 40. Kati ya hayo, 32 yalikuwa ya kuweka kwa makusudi habari za ulinzi wa taifa, na mengine ya kuficha na kuzuia uchunguzi. Waendesha mashitaka walionyesha picha za masanduku yamepangwa juu ya jukwaa la ukumbi wa dansi, na mengine ndani ya bafu, kando ya choo. Bwana Trump alikana yote, akasema anaonewa na maadui zake wa siasa.

Je, korti ilisemaje? Hapa ndipo penye uchungu. Tarehe 15 Julai 2024 Jaji Aileen Cannon, ambaye Bwana Trump mwenyewe alimteua, aliifuta kesi. Hakusema kwamba hati zile si za serikali. Hakusema kwamba mshitakiwa hana hatia. Alisema mwendesha mashitaka maalum, Bwana Jack Smith, hakuteuliwa kwa njia inayokubaliwa na Katiba. Rufaa ikakatwa. Lakini Novemba 2024 Bwana Trump akashinda uchaguzi, na tarehe 25 ya mwezi huo serikali ikaomba kuiondoa rufaa dhidi yake, kwa kuwa kanuni ya Idara ya Sheria hairuhusu kumshitaki Rais aliye kitini. Januari 2025 ikaomba kuiondoa na rufaa dhidi ya wafanyakazi wake wawili walioshitakiwa pamoja naye. Mwezi wa pili wa mwaka huo Ikulu ikatangaza kwamba FBI inamrudishia vitu vilivyochukuliwa katika upekuzi.

Basi kesi ikazikwa bila ya shahidi hata mmoja kusimama mbele ya baraza la wazee wa korti. Swali letu la uvunguni, yaani daftari hili ni la nani, halikujibiwa katika kesi hiyo.

MAJIBU KWA WANAOTETEA

Wako wanaosema: Rais ana uwezo wa kuiondoa siri karatasi yoyote, na Bwana Trump alipata kusema kwamba Rais aweza kufanya hivyo hata kwa kufikiri tu. Haya, na tukubali kwa ajili ya mjadala. Kufuta neno "siri" kunaigeuza karatasi ya umma kuwa mali ya mtu? Ng'ombe wa kijiji ukimfuta alama, bado ni ng'ombe wa kijiji. Aliyemfungia nyumbani kwake hana budi kumrudisha, awe na alama au asiwe nayo.

Wako wengine wanaosema: marais wa zamani walikuwa wakiondoka na karatasi zao, ndiyo desturi. Kweli ilikuwa desturi, tangu siku za George Washington, na ubaya wake ulionekana wazi kwa Bwana Richard Nixon. Huyu alijiuzulu tarehe 9 Agosti 1974, huku ameacha nyuma karatasi na kanda za sauti zilizomwangusha. Mwezi mmoja baadaye alikuwa amekwisha kufanya mapatano na serikali ambayo yangewezesha kanda zile kuharibiwa. Bunge lao likashtuka, likapitisha sheria mwaka ule ule ya kumzuia. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ikaithibitisha. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kudumu inayosema kwamba karatasi za kazi ya Rais ni mali ya taifa, ikaanza kutumika kwa marais walioingia tangu 1981. Na kwa sababu desturi ile ya kale ilikuwa na mizizi, mwaka 2000 serikali ilikubali kuwalipa warithi wa Nixon dola milioni 18 kuwa fidia ya karatasi zilizochukuliwa. Tazama, wananchi walinunua daftari lao wenyewe! Hasara hiyo ndiyo bei ya kuchelewa kuandika sheria.

Wako na wa tatu, nao wana hoja kidogo: mbona wakubwa wengine pia walikutwa na hati za siri? Kweli walikutwa. Novemba 2022 zilionekana katika ofisi aliyokuwa akiitumia Bwana Joe Biden alipokuwa ametoka kwenye Umakamu wa Rais, kisha nyingine nyumbani kwake, hata katika banda la gari. Januari 2023 zikaonekana nyumbani kwa Bwana Mike Pence. Sisi hatumtetei mmoja wao. Mchunguzi wa Bwana Biden aliandika Februari 2024 kwamba aliziweka hati kwa makusudi, ila ushahidi hautoshi kumtia hatiani mbele ya korti. Hiyo ni aibu, wala hatuiiti kwa jina jingine. Lakini Biden na Pence, watu wao walipoziona hati, walitoa habari wenyewe na kufungua milango. Aliyesahau jembe la jirani akalirudisha halingani na aliyeambiwa mara tatu alirudishe. Na kama wote watatu wana lawama, dawa ni kuwaonya wote watatu. Mwizi hasafishwi na wingi wa wezi.

NA WADOGO JE?

Mwezi ule ule wa Juni 2023, katika jimbo lile lile la Florida, luteni kanali mstaafu wa jeshi la anga alihukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa kuweka nyumbani hati za siri zaidi ya 300. Mwezi huo huo mfanyakazi mmoja wa zamani wa FBI huko Kansas City alihukumiwa miaka 3 na miezi 10 kwa kuweka nyumbani hati 386. Hawa hawakupata jaji wa kuifuta kesi, wala uchaguzi wa kuwaokoa. Walikiri, wakafungwa.

Sheria ya namna hii sisi tunaijua sana. Ni wavu wa kunasa dagaa na kupasuka kwa papa. Karani akipoteza faili anafukuzwa kazi. Mwalimu akihamishwa hapandi basi mpaka amekabidhi funguo, daftari la mahudhurio, orodha ya madawati na vitabu, na hati ya makabidhiano imetiwa saini na wawili. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa hayo kabla hatujashika chaki. Iweje anayekabidhi madawati 40 aulizwe dawati moja moja, na anayekabidhi nchi asiulizwe?

HAYA YANATUHUSU SISI

Msituambie hilo ni shauri la Wamarekani. Afrika Mashariki inajua kwa damu yake maana ya watawala kuondoka na karatasi.

Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Bwana Iain Macleod, aliagiza kwamba karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia zisikabidhiwe kwa serikali mpya za makoloni. Nyingi zilichomwa. Nyingine zilisafirishwa kwa siri mpaka Uingereza, zikafungiwa Hanslope Park, mahali penye ulinzi mkali. Huko zilikaa faili kama 8,800 kutoka makoloni 37, Tanganyika na Kenya zikiwemo. Siku bendera zilipopandishwa tulikabidhiwa majengo, meza na funguo. Daftari lilikuwa limekwisha kwenda uvunguni.

Nani aliumia? Waliumia wazee wa Kenya walioteswa kambini wakati wa Hali ya Hatari, iliyoanza 1952. Walipofungua mashitaka London mwaka 2009, serikali ya Uingereza ilijibu kwamba lawama ni ya serikali ya Kenya, iliyorithi kila kitu. Ikarithi lawama, kumbe karatasi haikuzirithi! Mwaka 2011 ndipo serikali ile ilipokiri kwamba faili zipo. Zikafunguliwa, na maneno ya wakubwa wenyewe yakawa shahidi wa wazee wale. Juni 2013 Uingereza ikasema inajuta, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Wazee waliokwisha kufa kabla ya hapo hawakupata kitu, hata neno la kusikitikiwa.

Hapa yupo atakayetuuliza: ninyi mliopinga siri za wakoloni, leo mmekuwa walinzi wa muhuri wa siri? La, hasha! Sisi hatuupendi muhuri ule. Tunajua mara ngapi umetumika kufunika uovu. Lakini siri iliyo katika hifadhi ya taifa ina namba, ina orodha, ina mlinzi anayejulikana, na iko siku wananchi au korti wataifungua. Siri iliyo bafuni kwa mkubwa haina orodha. Mwenye nyumba aweza kuionyesha kwa amtakaye, kuiuza, au kuichoma, na wananchi hawatajua hata kwamba ilikuwapo. Serikali inayoficha karatasi imewanyima wananchi habari. Mtu anayeondoka nayo amewanyima hata njia ya kuidai.

TUNATAKA NINI?

Kwanza, tunataka kila kiongozi, kuanzia mjumbe wa nyumba kumi hadi aliye juu kabisa, akabidhi siku anayotoka, kwa orodha na mbele ya mashahidi. Asisubiri kuandikiwa barua.

Pili, mtunza nyaraka awe na nguvu ya kudai bila ya kuogopa jina la mtu. Kenya ina sheria yake ya hifadhi ya nyaraka tangu 1965. Tanzania ilitunga yake mwaka 2002. Sheria hizo si pambo la kabati. Wanachama waulize katika mikutano: zinafuatwa? Faili za wilaya yetu ziko wapi?

Tatu, jaribio la sheria liwe kwa mkubwa kwanza. Sheria inayomngoja mkubwa ashindwe uchaguzi ndipo imguse, na akishinda imwachie, hiyo si sheria, ni kura nyingine.

Cheo ni dhamana. Aliyewekewa dhamana hawi mwenye mali kwa kuwa ameishika muda mrefu, wala kwa kuwa mwandiko ni wake, wala kwa kuwa watu wanampenda. Mzee wetu wa tawini hakuwa mtu mbaya. Alilitumikia tawi vizuri, na wanachama walimheshimu. Lakini zile kurasa mbili hatujaziona mpaka leo, na kila mwanachama anayedai kwamba alilipa ada yake mwaka ule, na jina lake halimo, hatuna la kumjibu.