Kundi la papa lisituhadae

Mwanangu anayesoma Koboko alikuja likizo Arua na habari kwamba papa wote huvamia kwa genge, kiongozi mbele, wengine nyuma. Kaitoa kwenye kibanda cha video, ambako mfasiri wa filamu hushika kipaza sauti akatia chumvi apendavyo. Mimi nauza samaki wakavu, kundi la samaki ndilo linalonilisha, kwa hiyo sikunyamaza.

Papa potwe nimewaona Kilindoni, kisiwani Mafia, nilipomtembelea shemeji yangu. Ndio samaki wakubwa kuliko wote duniani, na huko husogea karibu na pwani kati ya Oktoba na Machi. Mmoja alipita ubavuni mwa mashua yetu, mgongo umejaa madoa meupe, mdomo wazi, anachuja maji. Mwenzake alikuwa hapo karibu, wala hakujishughulisha naye. Wengi wa pale ni madume ambayo hayajakomaa, na kinachowakusanya ni uduvi mdogo mno uliojazana mahali pamoja. Ni kama hapa Arua: lori likishusha mzigo wa samaki waitwao angara, akina mama hulizingira, kila mmoja na beseni lake. Nani kawaongoza?

Linaloniuma zaidi ni kuona kundi na kudhani wapo tele. Tangu 2016 papa potwe ameorodheshwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Hata hivyo wavuvi wa Mafia huzungusha nyavu pale pale alipo, maana vidagaa humwandama, kisha hushusha wavu upande mmoja ili atoke. Watafiti nao waliwafunga papa hao vifaa vya kutoa mlio, wakachapisha matokeo mwaka 2015: msimu ukiisha, wengi hawahami. Hujitenga na pwani na kukaa kina kirefu zaidi. Basi anayehesabu kwa macho atakosea misimu yote miwili.

Angara wametufanyia hivyo hivyo. Nao hutembea kwa makundi, na siku wakijazana wavuni, mwalo mzima wa Panyimur hudhani ziwa limejaa. Kumbe leo sehemu kubwa ya mavuno ya Ziwa Albert ni muziri na ragoogi, vidagaa vinavyovuliwa usiku kwa taa. Wakubwa wa uvuvi wakija sokoni kuuliza hali, wasiniulize siku ya lori. Waulize niliuza nini miezi ambayo kundi halipo, daftari ninalo.