Nguva Aliyerudishiwa Sauti Bure

Kila hadithi ya kale ina hesabu yake. Apataye hutoa, na akhiniye hulipa. Mtoto aliyekaa mkekani kumsikiliza bibi yake huijua hesabu hiyo kabla ya kujua kusoma. Filamu za katuni zilizotwaa ngano za Ulaya zimeifuta, na hilo ndilo kosa lake kubwa, zaidi ya viuno vyembamba vya binti wafalme ambavyo wahakiki hawachoki kuvitaja.

Chukua kisa cha nguva mdogo, alichokitoa Mdenishi Hans Christian Andersen mwaka 1837. Nguva wake anapenda, lakini ana kiu iliyo kubwa kuliko mapenzi. Bibi yake amemweleza kwamba nguva huishi miaka 300 kisha hugeuka povu la bahari, ilhali binadamu, ingawa umri wake ni mfupi, ana roho isiyokufa. Roho hiyo anaitamani sawa na anavyomtamani mwana wa mfalme. Mchawi wa baharini anamkata ulimi. Anapata miguu, na kila hatua ni kama kukanyaga visu. Mwana wa mfalme anampenda kama apendwavyo mtoto wa kuokota, kisha anaoa mwengine. Dada zake wanazitoa nywele zao kwa mchawi, wanapata kisu na kumletea: amuue bwana harusi, arudi kwao. Anakitupa kisu majini na kuyeyuka. Andersen anamwinua awe miongoni mwa mabinti wa hewani, aichume roho kwa miaka 300 ya mema. Lakini hapa duniani hakurudishiwa chochote alichokitoa.

Mwaka 1989 kampuni ya Disney iliitoa filamu yake. Neno roho, kwa maana ile ya Andersen, limeondoka. Ulimi haukatwi, sauti inatiwa ndani ya kombe, kama rehani. Kombe linavunjika na sauti inarudi kwa mwenyewe. Mchawi anauawa kwa mlingoti wa merikebu, baba anatoa miguu kwa hiari yake, na harusi inafungwa. Binti aliyetia saini mkataba wa kuuza sauti yake halipi hata thumuni.

Wapo wanaoitetea, na hoja zao si za kupuuzwa. Husema Ariel ni jasiri: alimwokoa mwanamume asizame, na aliutamani ulimwengu wa nchi kavu kabla hajamwona. Ni kweli. Husema pia kwamba anayedai wanaume hawapendi wanawake wasemaji ni mchawi, na maneno ya mchawi si mafunzo ya filamu. Hapo ndipo hoja inapoanguka, maana matukio yanamthibitisha mchawi. Haipiti siku ya pili ya ububu wake, na yule bwana amekwisha inama ndani ya mashua kumbusu. Kisha mwanamke mwengine anapokuja na sauti iliyoibiwa, anatekwa na sauti hiyo. Kwanza alikaribia kuridhika na mwili usio na sauti; baadaye akafuata sauti isiyo na mwenyewe. Mtoto hasikilizi nani amesema. Huangalia nini kimetokea.

Hesabu ya maneno yenyewe inashuhudia. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa isimu, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walitoa matokeo ya kupima mazungumzo katika filamu za binti wafalme. Katika hii ya nguva, wanaume walikuwa na asilimia 68 ya usemi. Katika Snow White ya mwaka 1937 ilikuwa karibu nusu kwa nusu. Filamu iliyosifiwa kwa binti wa kisasa ilimpa mwanamke usemi mdogo kuliko ile ya nusu karne nyuma yake.

Mwaka 2023 ilitoka filamu mpya ya waigizaji, na beti za mchawi zilizochukiza zikapunguzwa. Huko ni kupaka chokaa ukuta wenye ufa. Maneno yameondolewa, biashara ya sauti imebaki, na faida yake ni ile ile.

Itasemwa kwamba watoto ni wadogo, wasitwishwe huzuni. Basi na atazamwe Sultani Darai, hadithi iliyosimuliwa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Maskini anayechakura jaani ananunua paa, na paa anampatia jina, nyumba na binti wa sultani. Paa anapougua, bwana wake anamdharau; anapokufa, anaagiza atupwe kisimani. Asubuhi anaamka jaani, anachakura. Hakuna kombe linalovunjika kumrudishia mali. Watoto wa visiwani walilala na hadithi hiyo vizazi kwa vizazi, wakaamka wazima, nao wakijua kwamba fadhila ni deni.

Kwa watu wanaoishi kwa ushairi, sauti si pambo la kuwekwa rehani na kukombolewa harusini. Mzazi anayewawekea watoto filamu ya nguva hana haja ya kuizima. Ikimalizika, awaketishe awasimulie ile ya mwaka 1837, mpaka kwenye kisu na povu, kisha awaachie wao waulize ni nani kati ya nguva wawili aliyependa.