Kabla ya Kuuza Ng'ombe, Hesabuni Watoto

MPAKA NA MALISHO
Na Rukia Dekow

Katika Sangailu ya leo, hapa kaunti ya Garissa, ni vigumu kunywa chai katika maboma matatu bila kusikia habari za mtu anayejiandaa kwenda ng'ambo na watoto wake. Nani wa kuwalaumu? Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na eneo letu la Ijara, linalotegemea ng'ombe kuliko ngamia, likabaki na mizoga. Upande wa msitu wa Boni, ambako wafugaji walikimbilia malisho wakati wa kiangazi, kumekuwa na operesheni ya kijeshi dhidi ya Al-Shabaab tangu Septemba 2015. Mapema 2020 walimu wasio wenyeji waliondolewa Garissa, Wajir na Mandera baada ya wenzao kuuawa, na kuna watoto waliomaliza darasa la nane bila kufundishwa na mwalimu wa hisabati. Mzazi aliyeyaona hayo akaamua kutafuta kwingine hana haja ya kuniomba mimi ruhusa.

Ninachogombana nacho ni pale mpango unapoanzia. Unaanzia kwenye bei ya ng'ombe na nambari ya simu ya mukhalas, wakala wa safari, wa Eastleigh, Nairobi. Naomba uanzie kwenye majina ya watoto.

Hebu nieleze nilichokiona. Katika familia moja, baba ni muuguzi katika zahanati, mama ana duka la nguo na ndiye mweka hazina wa ayuuto, mchango wa kupokezana, ya wanawake wa mtaa. Kaka yake baba anaishi Toronto. Mama alitandika mkeka, akafungua leso iliyofungiwa makaratasi ya nyumba nzima: kadi za kliniki zilizofifia wino, kitambulisho kimoja, cheti kimoja tu cha kuzaliwa, na barua ya chifu yenye muhuri uliovujiana. Babu wa watoto hawa, kwenye kitambulisho cha baba, ni Muhumed. Kwenye cheti cha shule cha kijana mkubwa ni Mohamed. Kwenye karatasi aliyoituma ami kutoka Toronto, iliyojazwa kwa tahajia ya Kisomali, ni Maxamed. Mtu ni yule yule mmoja. Watoto wanne wameandikwa kuwa walizaliwa tarehe 1 Januari, kila mmoja mwaka wake, kwa kuwa karani wa shule alipouliza tarehe aliambiwa kwamba ilikuwa wakati wa mvua za Gu, naye hakuwa na pa kuiandika Gu. Mvua hizo hunyesha kuanzia Aprili.

Ayeeyo, nyanya yao, alikuwa amekaa pembeni, tasbihi mkononi. Akauliza:

"Hapo kwenye karatasi mmeandika watoto wangapi?"

"Saba, hooyo."

"Mimi nimewalisha tisa."

Wawili waliosalia ni wa dada yake baba, aliyefariki wakati mdogo wao hajaanza kutembea. Wamenyonyeshwa na kulelewa humo, na wanamwita mke wa mjomba wao mama. Hakuna aliyewahi kuwaita yatima mbele za watu. Sasa fomu inauliza: hawa ni nani wako?

Swali hilo limewahi kuwagharimu watu wetu. Mwaka 2008 Marekani ilianza kuwapima DNA waombaji waliotaka kuungana na jamaa zao huko, majaribio yakianzia Nairobi, wengi wao wakiwa Wasomali na Waethiopia. Sehemu kubwa ya familia hazikuweza kuthibitisha udugu zilioudai, au zilikataa kupimwa. Programu ikasimamishwa na haikufunguliwa tena hadi 2012, safari hii vipimo vikiwa sharti. Walikuwamo waliouza nafasi za watoto kwa fedha, na hao sitawatetea. Walikuwamo pia watu waliolea mtoto wa marehemu wakamwandika "mwanangu" kwa sababu hawakuwahi kumwita kitu kingine. Mbele ya maabara, wa kwanza na wa pili walitoka na jibu moja. Na familia zilizosema kweli tupu zikasubiri miaka minne kwa sababu ya wote wawili.

Kwa hiyo kwa wale wawili wa marehemu shangazi nasema: waandikeni walivyo. Sheria ya Watoto ya 2022 hapa Kenya inaitambua kafaala, malezi ya Kiislamu ya mtoto asiye na mlezi, bila kumvua nasaba ya babake. Tafuteni cheti cha kifo cha mama yao, nendeni mahakamani mpate hati ya malezi, mapema, kabla hamjajaza fomu ya nchi yoyote. Sheria ya Kanada inamruhusu mkazi wa kudumu kumdhamini mtoto wa ndugu yake wa damu aliyefiwa na baba na mama, aliye chini ya miaka 18 na ambaye hajaoa wala kuolewa. Ami wa Toronto ana njia kwa hao wawili, mradi baba yao naye awe amefariki na wajulikane kuwa ni yatima. Wakishaandikwa watoto wa kuzaa wa muuguzi, njia hiyo inajifunga yenyewe.

Jambo lingine la Kanada ambalo mukhalas halitaji, na limewaliza wengi. Mtu anapoomba ukazi wa kudumu hutakiwa kuwataja mke na watoto wake wote, pamoja na wale asiosafiri nao, nao wapimwe afya. Aliyefichwa siku hiyo, kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye kama mwanafamilia. Nawajua waliomwacha mtoto mmoja nje ya fomu kwa kuogopa gharama, wakijiambia kwamba watamvuta wakishatulia. Walipotulia wakaambiwa kwamba mtoto huyo, kwa mujibu wa karatasi zao wenyewe, hayupo. Nayo miaka inakimbia: mtoto anayetegemea wazazi huko ni yule aliye chini ya miaka 22 na hajaoa wala kuolewa, na umri wake husimamishwa siku maombi yanapopokelewa. Kwa Marekani ni chini ya 21. Tarehe ya 1 Januari iliyobuniwa na karani inaweza kumzeesha binti miezi kadhaa asiyokuwa nayo, akaangukia nje ya mlango.

Kuhusu wake wawili nitasema kwa ufupi kwa sababu hakuna la kurefusha. Marekani haimpokei mhamiaji anayekwenda kuishi katika ndoa ya mitala, na Kanada humtambua mke mmoja tu. Mume mwenye nyumba mbili asiyewaambia wake zake hilo kabla ya safari anaitendea dhuluma nyumba mojawapo, na ndoa zinazovunjwa kwenye karatasi "kwa muda" nimeziona zikivunjika kweli.

Sasa nifike kwenye ushauri wa mukhalas, ambao ndio ulionifanya niandike safu hii. Sheria ya Kanada haina mlango wa kawaida wa kaka kumdhamini kaka aliyekomaa mwenye mke na watoto. Mukhalas anajua hivyo. Basi anamwambia muuguzi: nyinyi ni Wasomali, nani atawatambua? Nendeni Dadaab, jiandikisheni kuwa mmetoka ng'ambo ya mpaka, subirini mhojiwe kama wakimbizi.

Mama ndiye aliyenyamaza aliposikia hilo, na ana sababu. Aliolewa Sangailu kutoka upande wa Fafi. Wakati wa ukame wa miaka ya nyuma, akiwa mtoto, wazazi wake waliingia kambini wakachukuliwa kuwa wakimbizi ili wapate mgao wa chakula. Kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilianzishwa kuanzia 1991, zikakusudiwa kubeba watu 90,000. Ukame wa 2011 ulipofika zilikuwa na zaidi ya 400,000. Ndani mlikuwa na unga, mafuta, shule na hospitali. Nje, kwa Wakenya wenye kiu ile ile, hakukuwa na kitu. Watu walifuata chakula, na wengine walifuata pia ndoto ya kupelekwa Marekani. Kisha wakarudi makwao. Alama za vidole hazikurudi nao. Msichana yule alipofika miaka 18 na kuomba kitambulisho, mashine ikasema yeye ni mkimbizi. Ndiyo maana kwenye ile leso kulikuwa na kitambulisho kimoja badala ya viwili. Duka lake halina leseni yenye jina lake, laini yake ya simu ni ya mumewe, hajawahi kupiga kura, na watoto wake wamekwama kupata vyeti kwa sababu mama yao hana namba. Inakadiriwa kwamba Wakenya wapatao 40,000 waliingia katika hali hiyo.

Huyo ndiye mtu anayeshauriwa awapeleke watoto wake saba wakapigwe alama za vidole zile zile.

Nasema hapana, na nasema kwa nguvu zote nilizo nazo. Hata katika miaka mizuri, wakimbizi wanaopewa makao katika nchi ya tatu duniani kwa mwaka hawafiki mmoja kati ya mia. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wote wa kuwapokea wakimbizi, na watu waliokwisha kupita kila hatua walifutiwa tiketi. Mwezi Juni mwaka huo ikawapiga marufuku raia wa Somalia. Kanada nayo ilikuwa imeacha, tangu Novemba 2024, kupokea maombi mapya ya wakimbizi wanaodhaminiwa na makundi ya watu watano watano, njia iliyokuwa imewafikisha wengi wa jamaa zetu Toronto na Edmonton. Familia ya muuguzi itakuwa imeuza uraia wake wa Kenya ili isimame nyuma ya watu ambao wamesubiri tangu 1991, na ambao kwao ukimbizi si hila. Kusema uongo mbele ya msajili ni kosa kisheria. Zaidi ya hapo, ni kula haki ya jirani aliyekimbia kweli.

Muuguzi ana njia, nayo ni taaluma yake. Wauguzi wa Kenya wanaajiriwa Uingereza, Kanada na Ghuba kwa leseni zao, na Kenya ina mkataba na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya tangu 2021. Ni njia ndefu: mtihani wa Kiingereza, uhakiki wa vyeti, ada baada ya ada. Lakini muuguzi mwenye kibali cha Uingereza anaweza kwenda na mke na watoto, jambo ambalo wahudumu wa kutunza wazee walinyimwa tangu Machi 2024. Na ili mke aende, anahitaji pasipoti. Ili apate pasipoti, anahitaji kitambulisho. Kila barabara inarudi kwenye lile karatasi analokosa mama.

Habari njema ni kwamba karatasi hilo sasa linapiganiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa, katika kesi iliyofikishwa na shirika la Haki na Sheria, iliamua kwamba kuwanyima vitambulisho Wakenya walioandikishwa mara mbili kunakiuka haki zao. Mwezi uliofuata Rais William Ruto alitia sahihi Wajir tangazo la kukomesha kupigwa msasa kwa ziada kulikotuandama sisi wa mpakani, ambako kizazi cha wazazi wangu kinakukumbuka tangu 1989 na zile kadi za rangi ya waridi za kuwapiga msasa Wakenya Wasomali. Tangazo peke yake halimpi mtu kitambulisho. Linampa mahali pa kusimama anapodai. Mama huyu aende akadai, na mumewe aende naye, na fedha za mtamba wa kwanza zitumike hapo, si Eastleigh.

Wazee wetu hawakuhamisha ng'ombe kwa uvumi. Walituma sahan kwanza, vijana wenye macho, wakatazame maji, majani, magonjwa na maadui, warudi waseme mbele ya boma zima, na ndipo ikaamuliwa nani anatangulia na nani anabaki na ndama. Familia inayokwenda Toronto inastahili kikao cha namna hiyo. Ami asimulie kwa simu, watoto wakubwa wakisikia, kodi ya nyumba ni kiasi gani, baridi ikoje, anafanya kazi zamu ngapi na analala saa ngapi. Ayeeyo aulizwe kama anataka kwenda, na kama hataki, atunzwe na nani, kwa fedha ipi ya hawala, kila mwezi. Nimehudhuria mipango mingi ya safari ambamo swali hilo liliulizwa uwanja wa ndege. Na iamuliwe mapema nini kinabaki: Katiba ya 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuchukua uraia wa nchi nyingine bila kuupoteza huu, kwa hiyo hakuna ulazima wa kuuza kila kitu kana kwamba mlango unafungwa nyuma.

Serikali nayo isikae pembeni ikitazama. Mtu wa Sangailu au Hulugho anayetaka cheti cha kuzaliwa hupoteza siku nzima barabarani, na mvua ikinyesha hupoteza wiki. Waaweer, watu wa msitu wa Boni, wa Bodhai wana hali hiyo hiyo na mifugo hawana ya kuuza. Maafisa wa usajili waletwe kwa gari, wakae vijijini wakati shule zimefungwa, waje na mtu anayejua kuandika Muhumed kwa namna moja. Na mtoto aliyezaliwa nyumbani wiki hii asisubiri gari hilo: naibu wa chifu ana wajibu wa kumwandika, na baada ya miezi sita usajili wake utahesabiwa umechelewa, na mzazi aanze kutafuta mashahidi. Nendeni kwake na kadi ya kliniki, mtajeni mtoto, mama yake na tarehe yake halisi, na msiondoke bila karatasi mkononi.