Majogoo Hayatagi, Bwana!

Vijana wa mjini siku hizi ukiwagusia habari ya mradi, wengi watakutajia kuku. Banda la mabanzi uani, balbu mbili za joto, boksi la vifaranga 100, na mtu anaanza kuhesabu trei za mayai hata kabla vifaranga hawajanywa maji! Sikatai, kuku analipa. Ila nikuulize kaswali kamoja tu: hao vifaranga wako ni matetea au majogoo? Na nani kakuhakikishia kwamba ni mbegu ile uliyolipia?

Kimya...

Usione soo. Kifaranga wa siku moja ni kama kipande cha pamba chenye mdomo. Wote wanalia sauti moja, wote wanapendeza. Na hapo ndipo wajanja wanapokuingiza mkenge.

Kamchezo kao kakubwa ni haka. Viwanda vinavyototolesha kuku wa mayai vinataka majike tu. Madume hawatagi, na kwa nyama wanakua polepole mno, kwa hiyo wanauzwa kwa bei ya kutupa. Sasa, madume wengi wa kuku wa mayai huzaliwa wakiwa wa njano. Na broila naye huzaliwa wa njano! Umeshaelewa? Mtu anawanunua madume kwa bei chee, anakupigia picha kwenye simu, anakwambia, "Broila safi hawa, kaka." Unalisha wiki sita ukisubiri kuku wa kilo mbili, unaambulia vijogoo vya nusu kilo vyenye miguu kama njiti. Chakula ushanunua, umeme ushalipa, mteja wa hoteli ushamuahidi. Utalia na nani?

Dawa yake ni mzani mdogo wa jikoni. Kifaranga wa siku moja ana kama gramu 40. Broila akilishwa vizuri, siku ya saba anakuwa amefikisha mara tatu mpaka nne ya uzito huo. Kijogoo cha kuku wa mayai hakijafika hata mara mbili. Ukiona wiki imekatika na vifaranga bado wepesi wakati chakula na joto viko sawa, anza kumtafuta muuzaji mapema, kabla hajabadilisha laini.

Na wale wa mayai je? Hapa rangi inasaidia. Kwa kuku wa mayai wa kahawia kama ISA Brown na Lohmann Brown, jike huzaliwa na rangi ya kahawia na dume huzaliwa wa njano iliyopauka. Si uchawi, ni mpango: wazazi wamechaguliwa ili rangi ifuate jinsia. Boksi lako likiwa limejaa wa njano, usilipe. Lakini angalia, kamchezo haka kanafanya kazi kizazi kimoja tu. Ukiwapandisha hao wenyewe kwa wenyewe, watoto wao watakuchanganya kichwa.

Kuna na wale weusi. Jogoo mwekundu wa Rhode Island akimpanda mtetea wa madoadoa wa Plymouth Rock, madume wanatoka weusi wenye doa jeupe kisogoni, majike hawana. Ila usichukue sheria hiyo ukaipeleka kwa Australorp. Vifaranga wake ni weusi wenye weupe tumboni, dume na jike vilevile.

Utasikia pia habari ya mabawa. Mfungue kifaranga bawa siku ya kwanza: jike ana manyoya marefu na mafupi kwa kupishana, dume yake yamelingana. Ni kweli, lakini kwa mbegu zilizoandaliwa hivyo tu. Ukimkagua kuku wa kienyeji kwa mtindo huo, bora urushe shilingi.

Wajapani wao walikwenda mbali zaidi. Kiyoshi Masui na Juro Hashimoto walifundisha namna ya kumbinya kifaranga taratibu na kumsoma sehemu ya haja, na kitabu chao cha Kiingereza kilitoka mwaka 1933. Mafundi wa kazi hiyo wanapitisha mamia ya vifaranga kwa saa moja. Wewe usijaribu nyumbani! Kidole kizito kinapasua utumbo.

Halafu kuna hadithi za vijiweni: eti yai lililochongoka ni jogoo na la mviringo ni tetea, eti umning'inize kifaranga miguu juu uone kama atatulia. Porojo tupu. Na msimlaumu jogoo bure. Kwa binadamu, baba ndiye anayeamua mtoto awe wa kike au wa kiume, ingawa bado wapo wanaume wanaowanunia wake zao. Kwa kuku ni kinyume: anayeamua ni mtetea. Na akiangua kwa nguvu za Mungu tu, bila kuchaguliwa na mtu, hesabu nusu kwa nusu.

Kwa hiyo ukinunua kienyeji, au Kuroiler mwenye asili ya India, au Sasso wa Kifaransa, uliza kama wamechambuliwa. Kama hawajachambuliwa, mahesabu ya mayai yafanye kwa kuku 50, siyo 100. Majogoo watauzwa nyama, wala si hasara kama ulijua mapema. Kuroiler utamjua kwa rangi za kila aina ndani ya boksi moja. Kishingo naye anazaliwa na shingo tupu, hakuna wa kukudanganya. Lakini kuchi? Mtu akikuapia kwamba kifaranga wa siku moja ni kuchi, mwambie akuoneshe wazazi: warefu, miguu mirefu, kifua mbele kama mabaunsa.

Usipoweza kujua leo, subiri. Kuanzia wiki ya nne mpaka ya sita, upanga wa dume huanza kukua na kuwa mwekundu, na miguu inanenepa. Ikifika wiki ya 12, manyoya ya dume shingoni na karibu na mkia yanachongoka, ya jike yanabaki mviringo. Wapore hapo uwatenge, wasile chakula cha matetea mpaka wiki ya 18 au 20, mayai yanapoanza.

La mwisho: dai stakabadhi iliyoandikwa aina, idadi na jinsia. Muuzaji mkweli haoni tabu kuandika. Akianza kujikunakuna na kukwambia "tuaminiane tu, ndugu yangu," funga pochi. Huyo anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Haya, tukijaliwa tukutane wiki ijayo.