Kubadilisha meno ya gari: je, mafuta inapungua kweli?



Maneno ya bei ya mafuta iko kinywani mwa kila mutu. Mafuta ikipanda, nauli inapanda, unga na chumvi vinafuata, na muzazi anayetafuta minervali ya mutoto wake ndiye anaumia. Kwa sababu hiyo mafundi wamoja wa garaji wanasema: "Leta gari, tubadilishe meno ya nyuma, tutie bwati ingine ya vitesi, mazutu yako itadumu." Wengi kati yetu wanaamini. Mimi nasema hivi: mabadiliko hayo yana faida, lakini kwa barabara zetu faida ni ndogo, na mara nyingi haitoshi kurudisha feza iliyotumika.

Kwanza tuangalie mafuta inaendaka wapi. Ndani ya lita moja ya mazutu muna nguvu ya megajuli karibu 36. Motere, hata ikiwa nzima, inageuza karibu sehemu moja kwa tatu tu kuwa kazi. Ile ingine inakuwa moto, inatoka na moshi na kwa radiatere. Nyuma ya pale nguvu inapita kwa bwati ya vitesi na kwa meno ya nyuma mpaka kwa roda. Bwati ya mukono iliyo nzima inapoteza kidogo tu, karibu 5 kwa 100 ama chini yake. Sasa, mahali panapopotea kidogo, utaokoa kingi namna gani?

Mwenzangu atanijibu: "Meno marefu yanafanya motere izunguke polepole, ndipo mafuta inapungua." Ni kweli, sikatai. Katika miaka ya 1970 kampuni Fairey ya Uingereza iliuza kifaa cha kuongeza nyuma ya bwati ya Land Rover. Kilipunguza mizunguko ya motere zaidi ya sehemu moja kwa tano, na mwendo ni ule ule. Kifaa cha namna hiyo kinasaidia gari inayokimbia saa nzima kwa lami ya tambarare, kwa vitesi ya mwisho. Lakini kwa matope na mashimo yetu shofere anashinda kwa vitesi ya pili na ya tatu. Kile kifaa kinalala tu. Na ukitia meno marefu kabisa, gari inakosa nguvu kwa mulima. Shofere anashusha vitesi, na motere inarudia kuzunguka kama zamani.

Tufanye hesabu ya njia ya Uvira kwenda Bukavu, ile inayopanda Ngomo. Ziwa Tanganyika liko metre karibu 770 juu ya bahari, na ziwa Kivu karibu 1460. Tofauti ni metre 690. Kamyo ya tani 10, pamoja na mizigo yake, inahitaji megajuli karibu 68 kwa kupandishwa pale. Kama kila lita inatupa megajuli 12 za kazi, ni zaidi ya lita 5 na nusu kwa kupanda peke yake, bila kuhesabu mashimo. Meno ya namna gani yatapunguza mulima? Kitu kinachopunguza hesabu hiyo ni uzito.

Tena kuna jambo moja linalodanganya watu wengi. Kwa magari mengi ya zamani, saa ya kilometa inahesabu mizunguko ya chuma kinachotoka kwa bwati, haihesabu roda zenyewe. Ukibadilisha meno ya nyuma ao ukubwa wa mipira, saa inaanza kusema uongo. Mutu akitia mipira iliyo midogo kwa 10 kwa 100, saa itamwandikia kilometa 100, kumbe ametembea 90. Atafurahi kwamba gari yake inakula kidogo, na fundi atapata sifa ya bure.

Wengine watataja magari mapya yenye vitesi 8 ao 10, ao Toyota Prius iliyoanza kuuzwa Japani katika mwaka 1997. Ni sawa, lakini kule kiwanda kinapanga vyote pamoja: motere, bwati na uzito. Prius inaokoa mafuta kwa sababu motere yake inazimika gari ikisimama, na nguvu ya kufunga freni inarudi kwa batri. Hicho si kitu cha kutengeneza chini ya muti wa maembe kwa siku mbili.

Basi tufanye nini? Mambo ya bei ndogo yaje mbele: mipira ijazwe pumzi ya kutosha, filtre ya hewa isafishwe, freni zisikwaruze roda, mizigo isiyo na kazi itoke juu ya gari, 4x4 isiachwe ndani wakati barabara ni kavu na ngumu. Zaidi ya yote, shofere apandishe vitesi mapema bila kuichosha motere, naye asikimbilie kila shimo ili afunge freni. Faida ya meno marefu iko tayari ndani ya mukono wake.

Na kwa walimu wetu wa fizika ninaomba neno moja. Mutusaidie tuchague gari moja ya hapa karibu, tuandike daftari kwa miezi mitatu. Tanki ijazwe mpaka juu, gari itembee njia tunayojua urefu wake, tanki ijazwe tena, tuandike lita. Shofere awe yule yule na mizigo ile ile. Siku fundi atakapokuja na meno yake mapya, tutamwonyesha daftari, naye atuonyeshe lita. Akishinda, tutamushangilia. Akishindwa, feza ya wazazi itakuwa imebaki mufukoni.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Sayansi