Ukoo wa Gonzaga Wasifiwe kwa Lipi?

Muhula huu tulibishana sana darasani. Mwenzangu mmoja alisema kwamba ukoo wa Gonzaga, waliotawala mji wa Mantua huko Italia, yafaa wasifiwe kwa kuwa walianzisha shule. Mimi sikukubali, na kwa ruhusa ya Bwana Mhariri nitaeleza sababu yangu.

Watu hao kwanza hawakuwa wakubwa wa mji. Walikuwa wenye mashamba tu, na jina lao walilipata katika kijiji cha Gonzaga. Mantua, mji uliozungukwa na maziwa ya mto Mincio pande tatu, ulikuwa mikononi mwa ukoo wa Bonacolsi tangu miaka ya 1270. Gonzaga walikaa nao kama marafiki, huku wakiongeza ardhi. Kisha, tarehe 16 Agosti 1328, Luigi Gonzaga, mzee wa miaka sitini hivi, akawaondoa rafiki zake kwa silaha, akisaidiwa na askari wa Cangrande della Scala, mtawala wa Verona. Passerino Bonacolsi aliuawa. Luigi akafanywa Kapiteni wa mji, na wenyeji wakakubali. Lakini ni nani angekataa siku ile?

Mwaka 1494 Domenico Morone alichora picha ya mapigano hayo, na ukiitazama utadhani ni sikukuu, farasi wamepambwa na bendera zinapepea. Si ajabu, maana aliichora kwa ajili ya ukoo huohuo.

Mwaka 1433 Gianfrancesco Gonzaga alimlipa Kaisari Sigismund florini za dhahabu 12,000, akapewa cheo cha Marchese. Basi kilichotwaliwa kwa upanga kikapata hati.

Sasa shule. Mwaka 1423 Gianfrancesco huyo alimwita mwalimu Vittorino da Feltre. Watoto wa mtawala walisoma pamoja na watoto wa maskini wasiolipa ada, na binti yake, Cecilia, alifundishwa Kigiriki sawa na kaka zake. Tena michezo ilikuwa sehemu ya masomo. Nakiri ningependa kusoma huko! Hata hivyo sifa hiyo nampa Vittorino, aliyeifanya kazi hiyo mpaka alipokufa mwaka 1446.

Mwenzangu anasema bila fedha za Gonzaga shule isingekuwako. Ni kweli. Nikamwuliza, je, hao Bonacolsi wangeachwa, wasingeweza kumwita mwalimu? Mpaka tunafunga shule hajanijibu.