Walimu tusinyoe wanafunzi kwa wembe mmoja

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo, nalo ni usafi wa mashine za kunyolea.

Hapa Mashewa, wilayani Korogwe, bado zipo nyumba zenye mashine za zamani za chuma, zile zinazotiwa wembe wa makali mawili. Mimi ninayo moja niliyoachiwa na marehemu baba. Wenye nazo huzisugua kwa majivu na ndimu mpaka zinameremeta. Nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi, nikiamini kwamba mashine iking'aa basi imetakata.

Kumbe nilikuwa nakosea mara mbili. Kosa la kwanza ni la kuharibu mali. Nyingi ya mashine hizo ni shaba ya njano iliyopakwa nikeli juu. Majivu na mchanga hukwangua nikeli hiyo, na ikishatoka hairudi. Inatosha kutoa wembe, kufungua vipande vyote, kuvisugua kwa mswaki, sabuni na maji ya uvuguvugu, kuvikausha vizuri na kutia tone la mafuta penye skrubu.

Kosa la pili ndilo kubwa zaidi, kwa kuwa linahusu uhai wa watu. Kung'aa hakuui vijidudu. Tukizungumzia wembe, wengi hutaja Ukimwi tu. Lakini virusi vya homa ya ini aina ya B ni vikaidi zaidi, maana huweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi na bado vikaambukiza. Damu yenyewe si lazima ionekane kwa macho. Chanjo ya homa hiyo iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto wachanga nchini mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni.

Ndugu Mhariri, sisemi haya ili kuwanyooshea kidole vinyozi. Naanza na nafsi yangu. Nilipokuwa mgeni katika kazi ya ualimu, katika shule nyingine, nilikuwa mwalimu wa zamu. Asubuhi moja nilipanga mstari wanafunzi waliokuja na nywele ndefu, nikawanyoa wote kwa wembe mmoja. Mtoto mmoja alikatika nyuma ya sikio. Nilifuta wembe kwa kitambaa, nikamwita anayefuata. Hakuna aliyenikataza. Wazazi walinishukuru kwa kusimamia usafi! Mpaka leo nikikumbuka mstari ule moyo haunitulii.

Aliyeanza kuuza mashine hizi mwaka 1903, Mmarekani King Camp Gillette, alikusudia kishikio kidumu na wembe utupwe. Sisi tumegeuza. Tunauthamini wembe kuliko kichwa kinachonyolewa, na ukiwa butu tunaunoa kwenye bilauri ili uendelee kupita kwa wengine. Na bei ya wembe mmoja haifiki hata bei ya soda!

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo. Kwanza, walimu wenzangu tuache kabisa kunyoa wanafunzi shuleni. Tumpe mzazi taarifa, naye amnyoe mwanawe nyumbani kwa wembe mpya. Pili, kila anayekwenda kwa kinyozi aende na wembe wake, na kinyozi asione haya kumdai. Tatu, mashine ya chuma ikishaoshwa ichemshwe kwa dakika 20 tangu maji yanapoanza kutokota, kisha ikaushwe. Yenye mpini wa plastiki isichemshwe, kwa sababu itaharibika. Hiyo ibaki ya mtu mmoja tu. Nne, nyembe zilizotumika zitiwe katika kopo lenye mfuniko na kutupwa chooni, si jalalani ambako watoto wetu hupita pekupeku. Maafisa wa afya nao wasiishie kukagua mahoteli na vyoo, wapite pia chini ya miembe ambako watu wananyolewa.

Wapo watakaosema kwamba babu zetu walinyoana kwa wembe mmoja na wakazeeka. Ni kweli wapo waliozeeka. Lakini waliougua ini na kufa hatukujua kilichowaua, kwa sababu hapakuwa na kipimo.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Nami naomba kuongeza kwamba kabla ya kutia maji, tuulize kwanza wembe huo umetoka kichwani kwa nani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mashewa, Korogwe,
Tanga.